Garmin eTrex 20 na kata ya kichwani: miaka miwili ya kupima mashamba Pemba

Mara yangu ya kwanza kupima shamba kwa GPS yangu, Garmin eTrex 20, kifaa cha mkononi kinachojua mahali kilipo kwa kusikiliza setilaiti, ami yangu alinitazama mpaka nikaona haya. Shamba ni lake na nduguze, liko nje kidogo ya Konde, katika zile eka tatu tatu walizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Kila mtu katika ukoo anajua ni eka tatu, hata asiyewahi kulikanyaga. Mashine yangu ikasema eka 2.6. Nikazunguka tena, jasho linanitoka, ikasema 3.4. Ami akaing'oa bakora yake aliyokuwa ameichomeka ardhini, akasema, "Mwanangu, hii mashine yako asubuhi inakula shamba, mchana inalitapika."

Nilikuwa nimeitwa kwa sababu ya mirathi. Watu wanataka kugawana, na kila mmoja anataka kujua mikarafuu mingapi itaangukia upande wake. Mimi ndiye mwenye kifaa katika kikundi chetu cha kitalu cha miche, kwa hiyo mashamba yote ya wanachama yananisubiri mimi. Nilirudi Wete nimevimba kwa hasira, njia nzima kwenye daladala natunga maneno ya kuiponda eTrex. Maneno hayo sikuyaandika, maana baada ya wiki tatu niligundua mwenye makosa alikuwa nani.

Kwanza kifaa chenyewe. eTrex 20 ni ya mwaka 2011, si kitu kipya hata kidogo. Yangu niliinunua mkono wa pili Darajani, mjini Unguja, kwa laki mbili na nusu, baada ya kuvutana bei mpaka adhana ya laasiri. Inajaa kiganjani, uzito wake na betri zake mbili ni kama gramu 142, na kioo chake ni cha inchi 2.2 cha rangi. Ukitoka na kioo hicho kwenye jua la saa sita ndiyo kwanza kinasomeka vizuri, wakati simu yangu hapo inageuka kioo cha kujitazama. Maji haiogopi: kiwango chake ni kuzama mita moja kwa nusu saa, na yangu imeshaangukia kwenye tope la mpunga ikatoka, nikaisuuza kwenye ndoo, tukaendelea. Inapokea setilaiti za Kimarekani za GPS na za Kirusi za GLONASS kwa pamoja. Betri ni zile ndogo za kawaida zinazopatikana duka lolote.

Muuza duka aliniuzia na ushauri wa bure. "Ishike tu kama simu, dada, au itie mfukoni, yenyewe inajua." Duka silitaji, maana nadhani na yeye aliambiwa hivyo hivyo. Mimi nikaufuata ushauri, tena nikaupita. Kwa kuwa nahitaji mikono miwili ya kupasua vichaka, niliitia kwenye pochi, pochi nikaivaa kiunoni, na juu yake likaja buibui. Hivyo ndivyo nilivyolizunguka shamba la ami mara mbili.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na inafaa nieleze kwa nini.

Setilaiti ya GPS iko juu kama kilomita 20,200. Mawimbi yake yanapofika kwetu yameshachoka, hayana nguvu ya kupenya chochote cha maana. Nguo hayaioni, buibui si tatizo. Tatizo ni mwenye buibui. Mwili wa mtu ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na maji huyameza mawimbi ya namna hii. Kifaa kikikaa kwenye nyonga ya kulia, upande wote wa kushoto wa mbingu unazibwa na mimi mwenyewe. Tena nikigeuka kwenye kona ya shamba, upande unaozibwa nao unageuka. Setilaiti zilizokuwa zikisomwa zinapotea, zinakuja nyingine, na ile nukta inayonifuata kwenye kioo inaruka mita sita, mita nane, kama panzi. Ukichora mpaka wa shamba kwa mguu wa panzi, usishangae kupata eka za ajabu.

Jambo la pili ni antena. Ndani ya eTrex antena ni kibao kidogo bapa, na kibao hicho huona vizuri upande kinaotazama. Kinatazama mbinguni pale unapokilaza kifaa chali, kioo juu. Ukikisimamisha wima kama simu unayopigia picha, kibao kinatazama mtu aliye mbele yako, na nusu ya kazi yake inakwenda kupokea kichaka. Ndani ya pochi ya kiunoni kilikuwa kimesimama wima, kimenigandama ubavuni. Makosa mawili kwa bei ya moja.

Niliyajua haya kwa kujaribu, si kwa kusoma tu. Nyuma ya skuli moja karibu na kwetu kuna kiwanja cha mpira, peupe, hakuna mti wala ukuta karibu. Nilipiga kigingi katikati asubuhi, nikaiacha eTrex juu ya kigoda kwa dakika kumi kila namna, huku naandika ile namba ya usahihi inayojitokeza kwenye ukurasa wa setilaiti. Imelazwa chali: mita 3. Imesimama wima imeegemea jiwe: mita 5, mara moja moja 4. Imefudikizwa kioo chini: 7 mpaka 8. Halafu nikaivaa kiunoni chini ya buibui, nikasimama palepale kwenye kigingi kama mlingoti: 9, ikapanda mpaka 12. Watoto waliokuja kucheza walidhani nimeadhibiwa.

Namba hiyo isikudanganye ukaichukulia kama kiapo. Ni makisio ya kifaa chenyewe kuhusu kazi yake chenyewe, na kinaweza kukuambia mita 3 ilhali kimekosea 6. Lakini kwa kulinganisha namna moja ya kukishika na nyingine, inatosha sana.

Basi ikawa swali: nitakilaza vipi chali, juu kabisa, pasipo mwili wangu kukizuia, na mikono yangu ikabaki huru? Mwenzangu mmoja wa kikundi alipendekeza pondo la ngarawa, nikifunge kifaa kileleni. Jaribu wewe kupita na pondo chini ya mikarafuu, matawi yanaanzia karibu na magoti, halafu uniambie. Jibu lilikuja nikiwa kisimani. Mbele yangu binti mmoja amejitwika ndoo, ndoo imetulia juu ya kata, anatembea anazungumza anacheka, tone halimwagiki.

Nikarudi nyumbani nikasokota kata kwa kipande cha kanga kuukuu, nikaikaza nikaibana na ushungi kwa pini nne, katikati nikailaza eTrex chali, na juu nikapitisha ukanda wa mpira wa ndani wa baskeli usioziba kioo. Nikajiangalia kwenye kioo cha kabati. Sura ya kichaa, lakini kila kilichotakiwa kiko pale. Kifaa kiko juu kuliko kitu chochote nilicho nacho, kinatazama mbingu nzima pande zote, na mwili wangu uko chini yake, haumkingi mtu. Tena mtu aliyezoea kujitwika hatikisi kichwa ovyo, kwa hiyo kifaa kinabaki kimelala sawa hata ninapovuka mtaro.

Nilikwenda tena kwa ami. Sikumwambia chochote, nilimpa salamu yake tu, kifaa nimekitwika kichwani. Akacheka mpaka akakaa chini ya mwembe.

Hapo nilikuwa nimejifunza na subira. Nilikiwasha kifaa robo saa nzima kabla ya kuanza, tukinywa chai na mofa. Setilaiti hutangaza orodha kamili ya mahali zilipo wenzake kwa muda wa dakika 12 na nusu, na kifaa kilichokaa kabatini muda mrefu, au kilichosafirishwa kutoka mbali, kinahitaji kuisikia upya. Kisha nikafungua sehemu ya kupima eneo, nikabonyeza kuanza, nikakirudisha kwenye kata, nikatembea taratibu, na kila kona nikasimama nusu dakika. Mzunguko wa kwanza: eka 2.93. Wa pili: 2.97. Siku ya pili yake asubuhi: 2.91.

Ami hakuridhika na namba za kichwani. Alitoa futikamba ya mita 50 ya fundi mmoja, tukaupima upande wa mashariki, ule ulionyooka, kutoka mnazi hadi mnazi. Mita 108. Mstari wangu wa siku ya pochi ulikuwa umesema 121, wa kata umesema 107. Alirudia kuitazama futikamba, akaiviringa polepole, akasema, "Haya." Kwa wasiomjua ami, hilo ni shahada.

Ukitaka kujua mita chache zina uzito gani, fanya hesabu ya haraka. Eka tatu ni kama mraba wa mita 110 kwa 110. Ukikosea mita 5 upande mmoja tu, umeongeza au umepunguza mita za mraba 550. Hapo pana mikarafuu ya kutosha kuwanunisha ndugu mpaka Idi.

Kuna mengine niliyoyaona kwa miaka hii miwili ambayo yanahusu mahali, si mkono. Chini ya mikarafuu mikubwa mvua ya masika ikishanyesha, majani yanashika maji, na mawimbi yanapungua zaidi kuliko siku kavu. Pale ninaacha kutembea kwa mstari mmoja, nafanya kona kwa kona: naweka alama, halafu natumia ile sehemu ya kuchukua wastani, kifaa kinasoma mahali pamoja mara nyingi kisha kinatoa jibu moja. Maelekezo ya kiwandani yanataka usomaji wa mara nne hadi nane, kila mmoja ukiachana na mwenzake dakika 90 au zaidi, ili setilaiti ziwe zimehama. Mimi nafanya mara tatu, asubuhi, baada ya chai, na kabla ya adhuhuri, kwa sababu nina watoto. Upande wa Ngezi, penye msitu wenyewe, hata hivyo bado nakubali mita 7 na kushukuru.

Mabati ni balaa la aina nyingine. Chini ya paa la bati hupati kitu, hilo kila mtu anajua. Hatari ni kusimama kando ya nyumba ya bati au ukuta mrefu, kwani pale unapata kitu, lakini cha uongo. Mawimbi yanagonga bati yanarudi kwako yakiwa yamezunguka njia ndefu zaidi, na kifaa, ambacho kinapima umbali kwa muda wa safari, kinaamini setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Mawimbi hukata kama sentimita 30 kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo kuchelewa kidogo sana tu kunakupeleka kwa jirani. Nilipokuwa Unguja niliijaribu ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe, kati ya kuta za mawe, mbingu ukanda mwembamba kama mshipi. Kwa mujibu wa kifaa nilipita ndani ya nyumba tatu za watu bila kubisha hodi. Kata haikusaidia hapo, na hakuna namna ya kukishika itakayokusaidia.

Na huu ushauri wa kwenye video, kwamba ukae umeelekea kusini ili mwili wako usizibe setilaiti: achaneni nao. Ni wa watu wa kaskazini ya mbali. Njia za setilaiti za GPS zimeinama nyuzi 55 kutoka ikweta, kwa hiyo kwao upande wa kaskazini mbingu ina uwazi na setilaiti nyingi wanaziona kusini. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, zinatupita kila upande na utosini. Huku hakuna upande wa bure wa kuuzibia, ndiyo maana kichwani panashinda kifuani kwa mbali. Halafu, karibu na ikweta ile tabaka ya juu ya anga inachafuka baada ya jua kuzama na kuyumbisha mawimbi, lakini mimi baada ya magharibi niko jikoni, si shambani.

Mtu mmoja anayefanya utafiti wa mikoko aliniazima GPSMAP 64s yake, kifaa kingine cha Garmin, kwa siku nne, nikazitembeza zote mbili. Ile ina antena ya waya uliosokotwa kwa mzunguko, imechomoza juu kama kidole gumba, na yenyewe inataka kusimama wima. Nikailaza kwenye kata kwa mazoea, na kwa hali hiyo ilikuwa nyuma ya eTrex yangu ya mkono wa pili. Nikaifunga wima kwenye fito nyuma ya mkoba, kidole kikipita juu ya kichwa, na hapo chini ya mikarafuu ilishikilia setilaiti vizuri zaidi ya yangu, bila ubishi. Uzito wake ni gramu 260 na betri zake hudumu kama saa 16, wakati eTrex inatajwa kwa saa 25. Ningekuwa na fedha na kazi yangu ni msituni kila siku, ningeichukua. Kwa mashamba ya eka tatu, narudi kwenye yangu. Tofauti niliyoipata kwa kubadilisha kifaa ilikuwa mita moja au mbili, na ile ya kukitoa kiunoni ilikuwa mita sita na zaidi, na iligharimu kipande cha kanga.

Mipangilio nayo ina neno lake. Hakikisha kifaa na ramani yako vinasema lugha moja. Ramani za zamani za karatasi za huku kwetu zinatumia mfumo wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, wakati GPS ikitoka dukani inatumia WGS 84, na kati ya viwili hivyo pana kama mita 300. Mwenzangu aliwahi kunipa namba za shamba la Micheweni, nikaenda nikajikuta ndani ya mihogo ya mtu mwingine, mwenye mihogo na panga mkononi ananiuliza nina shida gani. Sehemu ya WAAS/EGNOS, ya kupokea masahihisho kutoka setilaiti nyingine, nimeizima, kwani masahihisho yale ni ya Marekani na Ulaya, hayatufikii. Aina ya betri pia iseme kweli kwenye mipangilio, ukitia za kuchaji uiambie ni za kuchaji, la sivyo kiwango cha chaji itakachokuonesha si cha kweli.

Mapungufu yake ninayoyaona: haina dira ya kusimama, mshale unaelekea sawasawa ukiwa unatembea tu, kwa hiyo ukisimama kwenye kona usimuelekeze mtu kwa mshale. Kioo ni kidogo kwa macho ya ami, namba lazima nimsomee. Na ikiwa kichwani huioni, unategemea masikio, milio niliiacha wazi kwa sababu hiyo. Tena isichukuliwe kama chombo cha mpimaji wa serikali. Hati ya ardhi ni ya watu wenye vyombo vya sentimita. Mimi napima ili tujue miche mingapi igawiwe nani, na ndugu wakae wazungumze wakiwa na namba moja mezani.

Nyota naipa nne kwa tano. Ya tano ningempa binti wa kisimani, simjui jina.

Wiki iliyopita ami alinipigia simu. Kuna jamaa yake upande wa Kojani anataka shamba lake lipimwe kabla ya kuchuma kuanza. "Nimemwambia utakuja," akasema, "lakini nimemwambia pia asicheke." Kisha akauliza kama ninaweza kumsokotea na yeye kata moja, anataka kulizunguka shamba mwenyewe.